Jeli imenigeuka, na kucha za harusi ya wifi nimeshaahidi

SWALI

Shikamoo Anti,

Naomba jina langu usilitoe maana kwetu na ukweni wanasoma safu hii na mmoja wao ndo anahusika humu ndani. Nina miaka 27, nina mchumba, na shida yangu ukiisikia juu juu unaweza kusema huyu hana kazi ya kufanya, maana ni kucha. Ila mi inaninyima raha kabisa.

Tangu mdogo nilikuwa nang'ata kucha. Sio kung'ata kidogo, nang'ata mpaka panatoka damu, nyumbani walinipaka vitu vichungu, walinichapa, walinisema mbele za wageni, wapi. Nimekua hivyo hivyo, ukiangalia picha zangu za shule mikono iko nyuma au nimekunja ngumi. Afu nikaja kukutana na jeli, ile rangi ya kucha inayogandishwa kwa taa. Jeli ikishakauka kucha inakuwa ngumu meno hayaingii, basi nikaacha, nikaanza kumpa mtu mkono bila kuona aibu. Saluni inataka muda na hela kila mara, nikaagiza seti mtandaoni, kile kitaa kidogo cha kukunja miguu, besi ya kutanguliza, topu ya kumalizia, chupa za rangi, msasa na asetoni, nikajifunza kwenye video. Na mkono ninao Anti, nisijisifu sana ila nikipaka watu wanauliza umefanyia wapi.

Mchumba wangu tumejuana nikiwa na jeli. Hajawahi kuona kucha zangu zenyewe. Nikitoa usiku nahakikisha nimeshapaka zingine kabla hatujaonana.

Sasa siku hizi mambo yameharibika. Kwanza kucha zimekuwa nyembamba mpaka zinapinda nikifungua kopo, na maji ya moto yakigusa nasikia mpaka ndani huko. Jeli yenyewe haikai kama zamani, siku chache tu imeanza kuachia pembeni, na ikishaachia siwezi kuitazama hivi hivi, nakaa naangalia tamthilia mkono uko mdomoni au kidole kinachokonoa, nakuja kushtuka nimebandua yote na vipande vyeupe vya ukucha vimetoka nayo. Asetoni naitumia nikiwa na subira, mara nyingi sina.

Pili, kuwasha. Ncha za vidole na pembeni ya kucha zinawasha, vinatoka vipele vidogo vya maji, afu ngozi inakauka inapasuka. Nikasema ni sabuni ya vyombo, nikabadilisha. Baadae kope zikaanza kuvimba na kuwa nyekundu, nikasema hii wanja, nikaacha wanja. Inapungua, inarudi. Rafiki yangu mmoja anasema ni joto la taa tu ngozi itazoea. Mwingine ananiambia ninunue jeli zilizoandikwa hazina ile kemikali ya HEMA yote yataisha. Wa tatu ndo kanitisha, anasema ile taa inaleta kansa na kwamba Ulaya jeli zimepigwa marufuku. Mchumba yeye anasema "zipumzishe zipumue", kirahisi tu, hajui anachoniambia.

Na kubwa kuliko yote, wifi yangu, dada yake mchumba, anaolewa mwezi ujao. Aliona kucha zangu akazipenda, akaniuliza kama naweza kumfanyia yeye na wapambe wake, nikasema naweza, tena bure, ndo zawadi yangu. Anti wewe unajua kuingia ukweni kulivyo. Mama yao sio mtu wa maneno mengi na hii ndo mara ya kwanza nimepewa kitu cha kufanya kama mtu wa mle ndani. Nikisema siwezi watanionaje? Nikienda na vidole hivi vyenye vipele nitawapakaje? Na nikitoa jeli yangu niende na kucha zangu zenyewe, kwenye harusi, na makamera yote yale, hapo ndo siwezi hata kufikiria.

Nimewaza nimpe wifi seti nzima, taa na kila kitu, wapakane wenyewe, mi nitoe udhuru wa kazi. Hilo ni wazo? Na tatizo ni jeli, ni taa, au ni mimi? Niache kabisa?

Mwenye vidole vya kuficha

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa vidole. Nani kasema kucha ni jambo la wasio na kazi? Mikono ndo tunayoitanguliza kwa watu, na mtu aliyekua akiificha hata kwenye picha ya shule siwezi kumwambia huo ni urembo tu achana nao.

Nikikusoma vizuri naona umefunga mambo manne kwenye furushi moja ukaliita jeli. Kuna kucha kuwa nyembamba, kuna ngozi kuwasha, kuna ahadi ya harusi, na kuna hofu ya mchumba kuziona kucha zako zenyewe. Ukiuliza "niache kabisa?" unataka jibu moja litibu yote manne na haliwezi. Tufungue basi, tena tuanze na hayo mawili ya mwili maana watu wanayachanganya kila siku wakati chanzo chake sio kimoja.

Kucha nyembamba kwanza. Hapa jeli yenyewe inalaumiwa kuliko inavyostahili, uharibifu mwingi unatokea wakati wa kutoa. Ule ukucha mgumu unaouona ni matabaka ya keratini, aina ya protini, yaliyoshikana, hayana uhai tena. Jeli imeng'ang'ania tabaka la juu, ukiibandua kwa nguvu linaondoka nayo, kwa hiyo hivyo vipande vyeupe ni ukucha wako mwenyewe unaoutupa. Fanya hivyo mara kwa mara, ongeza na msasa wa kulainisha pale palipochubuka, lazima maji ya moto uyasikie ndani. Na hii habari ya kupumua, ukucha haupumui, unalishwa na damu kutokea huko kwenye mzizi. Ila mchumba hajakosea sana kwenye neno kupumzisha, sababu yake tu ndo nyingine, kwamba palipochubuka hapatibiki kwa mafuta wala vidonge, panasogea mbele mpaka panafika nchani panakatwa. Ukucha wa mkono unakua kama milimita 3 kwa mwezi, kuupata mpya kuanzia mzizi mpaka ncha ni kama nusu mwaka hivi. Mafuta yanasaidia usikatike njiani, hiyo ndo kazi yake.

Kutoa kwenyewe naomba nikueleze kwa urefu hata kama unajua, maana unajua lakini unasema subira huna, na hapa kila kitu ni subira. Unasugua ule mng'ao wa juu wa topu kwa msasa mpaka ufifie, usishuke kufika kwenye ukucha. Ngozi ya kuzunguka unaipaka mafuta mazito ya mgando, kwako wewe mwenye mipasuko upake mengi kabisa la sivyo asetoni itakuunguza. Kipande cha pamba saizi ya ukucha, sio cha kufunika kidole kizima, unakichovya kwenye asetoni, unaweka juu, unafunga na foili, unakaa dakika 10 mpaka 15. Ukifungua jeli inakuwa imekunjamana imejiinua yenyewe, unaisukuma kwa kijiti cha mti bila nguvu. Ikigoma unafunga tena. Kugoma maana yake haijawa tayari, na hapo ndo wengi wanachukua kile chuma wanaanza kukwangua. Kama ulichopaka ni ile bilda ngumu, jeli nzito ya kujengea kucha, nyingi haziyeyuki kwa asetoni hata ukikaa mpaka kesho, hizo zinapunguzwa kwa msasa kidogo kidogo, soma chupa. Na asetoni inawaka moto haraka mno, usiwe karibu na jiko, mshumaa wala sigara, usithubutu kuipasha motoni ati ifanye kazi haraka, na dirisha liwe wazi.

Jeli kuachia pembeni mapema nako kuna sababu zake. Wengi wanaloweka vidole kwenye maji ndo wapake, ukucha unanyonya maji unatanuka, ukikauka unarudi na jeli inaachia. Au pamebaki kile kingozi chembamba juu ya ukucha karibu na mzizi, au koti, yaani mpako mmoja wa jeli, lilikuwa nene. Kwako naongeza kwamba ukucha uliochubuka hauishiki jeli vizuri, kwa hiyo unabandua kwa sababu imeachia, na inaachia kwa sababu ulibandua. Siku ukiona doa la kijani chini ya jeli iliyoachia, usilifunike kwa rangi nyeusi, mara nyingi ni bakteria walioingia na unyevu. Toa, paache pakavu, kaonyeshe.

Sasa kuwasha. Hapa naomba unisikilize zaidi. Mi sio daktari na barua haiwezi kupima ngozi, lakini vipele vya maji kwenye ncha za vidole na kope kuvimba kwa mtu anayejipaka jeli nyumbani, daktari wa ngozi akisikia atafikiria aleji ya akrilati kabla ya wanja. Akrilati ndo kemikali zinazoifanya jeli igande, HEMA ni mmoja wao. Jeli iliyoiva sawasawa haina shida kubwa, tatizo ni jeli mbichi kugusa ngozi. Inagusa pale unapopaka ikamwagikia pembeni ukaweka kwenye taa hivyo hivyo, au ukaifuta kwa kidole kingine, au ule unatonata unaobaki juu baada ya taa ukaupaka ngozini wakati wa kufuta. Na kope ni ngozi nyembamba, tunazishika bila kujua. Jiulize, huwa zinavimba siku yoyote tu, au ni siku moja mbili baada ya kupaka au kusugua kucha? Ulibadilisha sabuni ukaacha na wanja, kitu ambacho hukukiacha hata mara moja ni kile unachokipenda, na sishangai, ningekuwa wewe nami ningeanza na sabuni.

Kile kitaa nacho nina mashaka nacho. Jeli inaiva kwa mwanga wa urefu fulani wa mawimbi, taa nyingi za LED zinatoa kati ya nanomita 365 na 405, na kila jeli imetengenezwa iivie taa yake. Namba ya wati iliyoandikwa kwenye boksi haikuambii kama mwanga unaendana na jeli yako. Matokeo yake juu panakuwa pagumu panang'aa, ndani mbichi, na wewe unatembea na jeli mbichi wiki nzima afu unaitafuna kwa meno. Rangi nyeusi na nyeupe nzito ndo zinazuia mwanga kabisa. Angalia pia vidole gumba, ukiingiza mkono mzima vinalala ubavu, taa inapiga pembeni, na kwenye vitaa vidogo ndo kabisa. Gumba zinatakiwa ziingie zenyewe, zikiwa zimeelekea juu.

Nirudi kwa marafiki zako. Wa kwanza, joto la taa lipo kweli, jeli inapoganda inatoa joto na ikiwa nene juu ya ukucha mwembamba inachoma, unatoa mkono unapumzika unarudisha. Lakini joto haliachi vipele vya maji vinavyorudi wiki hadi wiki, na aleji ngozi haiizoei, inazidi. Wa pili, chupa isiyo na HEMA ina ndugu zake wengine, bado ni akrilati, mwili ukishamkataa mmoja mara nyingi unawakataa na wa ukoo wake. Wa tatu kachanganya habari mbili. Kansa, ile ni habari ya mionzi ya UV-A inayotoka kwenye taa, iliyomo pia kwenye mwanga wa jua, na tafiti zilizopo zinaonyesha hatari ni ndogo, ila madaktari wa ngozi wa Marekani wanashauri upake krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi mikononi au uvae glavu zilizokatwa vidole, na kama unatumia dawa zinazofanya ngozi iogope mwanga kama doksisaiklini umuulize daktari kwanza. Marufuku ya Ulaya ni ya kemikali moja inaitwa TPO, inayosaidia jeli kugandishwa na mwanga, Umoja wa Ulaya umeizuia kwenye vipodozi tangu tarehe 1 Septemba 2025 kwa ajili ya wasiwasi wa uzazi uliotokana na majaribio ya wanyama. Jeli zenyewe zipo zinauzwa. Kinachokuhusu wewe zaidi ni kwamba mwaka 2020 Umoja wa Ulaya huohuo ulitaka bidhaa za kucha zenye HEMA ziandikwe ni za mafundi tu na kwamba zinaweza kuleta aleji, na madaktari wa ngozi wa Uingereza mwaka 2018 walishatoa tahadhari kuhusu hizi seti za kujipaka nyumbani.

Kwa nini nalikazania hili? Kwa sababu aleji hii ikishaingia kwa kawaida haitoki, na akrilati hawako kwenye kucha tu. Wako kwenye kuzibia meno, kwenye saruji ya mifupa inayotumika kwenye upasuaji wa nyonga na magoti, kwenye gundi za baadhi ya vipimo vya sukari vya kubandika mwilini. Ndo maana kwenda kwa daktari wa ngozi naliona la mbele kuliko mengine yote. Kuna kipimo cha kubandika viraka mgongoni vyenye kemikali mbalimbali, vinasomwa baada ya siku kadhaa, kinaonyesha mwili wako unakataa nini. Nenda na chupa zako au picha za orodha ya viambato nyuma ya chupa, usiende kusema tu "natumia jeli". Na ikithibitika, mwambie daktari wa meno kabla hajakuziba jino.

Mpaka hapo ufanyeje? Njia zipo kadhaa na kila moja ina gharama yake. Unaweza kusimama kabisa mpaka daktari akuone, ngozi itatulia na utajua ukweli, ila utabaki na kucha nyembamba zisizo na ulinzi na meno yako yanazijua njia. Unaweza kuendelea kwa uangalifu, makoti membamba, uache nafasi ndogo kati ya jeli na ngozi, ufute kilichomwagika kwa kijiti kabla ya taa, taa na jeli vya mtengenezaji mmoja. Mtu ambaye hana aleji anaishi hivyo miaka, mwenye nayo anaweza kufanya yote hayo na bado akawashwa, mbaya zaidi ukucha ukaanza kujitenga na nyama. Unaweza kuhamia rangi ya kawaida ya kukauka kwa hewa. Ukiona kitu kimeandikwa jeli kwenye chupa lakini hakitaki taa, mara nyingi hiyo ni rangi ya kawaida tu. Hazidumu, na mtu mmoja mmoja nazo zinamkataa, ila hazina ile jeli mbichi. Kucha za kubandika kwa gundi usizione kama pa kukimbilia moja kwa moja, gundi yake ni sianoakrilati, nayo ina watu inaowakataa, na kuitoa ni kazi ileile.

Kuna kitu umekiandika harakaharaka ukapita, mi nikasimama. Umesema uliacha kung'ata, afu chini kidogo ukasema mkono uko mdomoni na tamthilia inaendelea. Mwanangu, unaona ninachokiona? Labda hukuacha, labda kilibadilika tu cha kung'ata. Sikusemi, kung'ata kucha sio utoto wala uchafu wa tabia, watu wazima wengi wanang'ata na wengi mkono unaenda wenyewe kukiwa na mawazo au uvivu wa jioni. Ninachosema ni kwamba jeli ilikufichia, na ikaendelea kukufichia hata pale ilipoanza kuumiza, kwa hiyo siku ukiitoa usitegemee nia peke yake. Kata kucha ziwe fupi kabisa meno yasipate pa kushika, weka msasa mdogo karibu na kiti unachokaa ili penye kukwaruza pasafishwe hapohapo pasikuite, ile rangi chungu ya kuzuia kung'ata ipo na wapo inaowasaidia, ila walikupaka vitu vichungu kwa kukuchapa na kukusema, sasa hivi ungejipaka mwenyewe kwa hiari yako, nadhani sio kitu kilekile. Ikizidi, wanasaikolojia wanaifanyia kazi tabia hii hii, huhitaji uwe mgonjwa wa kulala kitandani ndo uende.

Mchumba. Umesema hajui anachokuambia. Kweli hajui, hujamwambia. Mtu aliyesema zipumzishe kwa midomo yake huenda kucha zako tupu hazimtishi hata kidogo, au huenda atashangaa kidogo, siwezi kumsemea nisiyemjua. Lakini unaingia kwenye nyumba ambayo usiku utakuwa unaamka kupaka kucha ili asione? Huna haja ya kumfanyia hotuba. Mwonyeshe vipele kwanza, vile vya afya, ni rahisi kuanzia hapo, na kucha zitaonekana zenyewe.

Kwa wifi nako nina maswali. Umedhani alichokipenda ni jeli, inawezekana alichokipenda ni kukaa na wewe jioni ile mnapakana rangi mnacheka? Sijui, wewe ndo ulikuwepo. Ukiwapaka kama ulivyoahidi, wewe utashika jeli mbichi saa nyingi kuliko ukijipaka mwenyewe, na glavu hazikuokoi sana, akrilati wanapenya lateksi haraka na hata zile za naitrili zinahitaji kubadilishwa mara kwa mara. Nao utawapaka usiku mmoja, umechoka, foleni ndefu, makoti yanakuwa manene na taa ni hiyohiyo. Huenda asiwashwe hata mmoja, aleji hii mara nyingi inakuja baada ya kugusa tena na tena, lakini bibi harusi mwenye kope zilizovimba asubuhi ya harusi ni kesi ambayo mi nisingependa uwe mshtakiwa.

Ukimwambia sasa, mwezi mzima kabla, anaweza kununa, na kununa kwa ukweni najua kunavyouma. Lakini ana muda wa kutafuta fundi, na wewe una muda wa kubaki na kazi ndani yake. Kukata na kunyoosha kucha, kusukuma kile kingozi cha mzizi, kuwapaka wapambe rangi ya kawaida usiku wa kuamkia harusi ili ikauke vizuri, kumtafuta huyo fundi na kumlipa wewe kama ndo zawadi, hayo yote mkono wako unayaweza. Udhuru wa kazi nao ni njia, siwezi kusema haipo, ila harusini utakuwepo, utapigwa picha, na mwenye udhuru wa kazi ataulizwa mbona umekuja.

Hiyo seti kumpa, hapo ungefikiria tena. Kama taa ndo haiivishi na chupa ni zile ulizochanganya kutoka kwa wauzaji tofauti, unampa wifi shida ileile na yeye hana hata mkono wako wa kupaka. Iweke kwenye boksi pembeni, chupa na taa pamoja, mpaka daktari ameona majina yaliyoandikwa nyuma ya hizo chupa. Akikuambia chochote kipya niandikie, na kuhusu mchumba pia kama utapenda.

Anti